Mustang inayodunda nyuma: usiikate bado

"Shikamoo fundi. Nipo Dallas, nina Mustang LX ya 1990, injini 5.0, gia za mkono, difu ya uwiano 3.73. Springi nimeshusha karibu sentimita 4, rimu ni inchi 17 na tairi za kawaida za barabarani. Nikiachia klachi pale uwanja wa mbio wa Ennis nyuma inadunda du-du-du mpaka dashibodi inatikisika. Muda wangu wa robo maili ni sekunde 14.2, namaliza nikiwa kilomita 159 kwa saa, na mita 18 za mwanzo peke yake zinakula sekunde 2.2. Jamaa mwenye gereji ya chasisi anasema saspensheni ya kiwandani haifai dragi, yaani mbio fupi za mstari ulionyooka, kabisa: nikate nyuma yote kuanzia siti, nichomelee chasisi mpya, niweke difu fupi ya inchi 9 na ladabaa (mabomba ya kushikilia difu). Kataja dola 9,000. Gari hii ndiyo naendea kazini, na mwanangu wa miaka 6 anakaa siti ya nyuma. Halafu kila mtu ananiambia gari ikikaa sana nyuma ndiyo inashika. Nifanyeje?"

Marahaba, mdogo wangu. Hela yako iache benki kwanza. Gari ulilonieleza halijafika mahali pa kukatwa. Lina ugonjwa tunaoujua, na ukilipeleka kwenye msumeno leo litarudi na nyuma mpya huku tairi zilezile zikizunguka bure.

Nimesoma swali lako mara mbili, na naona umechanganyikiwa na mambo mawili yanayokuja kwa pamoja. La kwanza, gari halishiki. La pili, linadunda. Ni ndugu, lakini dawa zao si moja. Huyo jamaa wa gereji amekuuzia dawa ya ugonjwa wa tatu, ambao huna: gari lenye nguvu nyingi kiasi kwamba tairi linalohitajika haliingii tena chini ya bodi.

Tuanze na kudunda, maana ndiko kunakovunja vitu. Kama umekulia kwetu umeona pikapu tupu, zile zenye springi za vyuma vilivyopangwa kimoja juu ya kingine, ikiondoka kwa fujo kwenye changarawe. Nyuma inaruka kama mbuzi. Chuma kinajikunja, tairi linateleza, chuma kinajikunjua, tairi linashika tena, na mchezo unarudiwa mara nyingi ndani ya sekunde moja. Wewe huna springi za namna hiyo, una za koili, ila kinachojikunja kwako ni bushi, vile vipande vya mpira kwenye viungo.

Fanya hesabu nami. Injini yako ikiwa nzima inatoa torki ya kama nyutoni mita 400. Gia ya kwanza ya boksi lako ni 3.35, kwa hiyo propela inapokea 1,340. Difu inazidisha kwa 3.73, na magurudumu yanapata karibu 5,000. Sasa nguvu hiyo inapozungusha tairi kwenda mbele, nyumba ya difu yenyewe inataka kuzunguka kinyume, pua ya pinioni, pale propela inapoingia kwenye difu, ikipanda juu. Kinachoizuia ni mikono minne tu ya chuma inayoishika difu kwenye bodi. Miwili ya chini inasukumwa mbele, na ndiyo inayolibeba gari kwenda. Miwili ya juu, ile iliyokaa mshazari kama herufi V, inavutwa. Ncha za mikono hiyo zina bushi za mpira ambazo Ford alizichagua ili mama mkwe asisikie barabara. Zikiwa za tangu 1990, zimeshalegea kama ndala za chooni. Ford mwenyewe alijua difu hii inajikunja, ndiyo maana aliongeza shokapu mbili za mlalo nyuma. Zichungulie: kama zinavuja, umepata sehemu ya jibu.

Kabla hujanunua kitu chochote, nataka ufanye kazi moja ya bure. Panga gari juu ya stendi imara, lala chini na tochi na brashi ya waya. Fuata mkono wa juu wa kulia mpaka unapoingia kwenye bodi. Hapo kuna kisanduku cha bati ambacho mafundi wa huku wanakiita torki boksi. Kuna viwili vya juu na viwili vya chini. Sugua tope. Tafuta mstari mwembamba kwenye rangi, wenye kutu ya rangi ya chai pembeni, na angalia zile alama za duara za uchomeleaji wa kiwandani. Kwenye gari lililodunda sana zinaachia moja baada ya nyingine, kama vifungo vya shati la mtu aliyenenepa. Mwambie mtu atie bisibisi nene na abonyeze taratibu wakati wewe unaangalia. Bati likipumua, hakuna saspensheni ya bei yoyote itakayofanya kazi mpaka lifungwe upya. Mustang za 1979 hadi 1993 zinachanika hapo hata kwa injini ya kawaida. Na uwanja wenu wa Ennis umemwagwa zege robo maili nzima tangu ulipofunguliwa 1986. Ukishapata tairi linaloshika, zege lile halikusamehei kama lami ya mtaani inayokuacha uteleze.

Sasa hilo la "gari likikaa nyuma ndiyo linashika". Nimelisikia kwenye gereji za mtaa wa Gerezani, Dar es Salaam, nikiwa kijana, nalisikia Texas nikiwa na mvi. Macho yanadanganya. Uzito unaohamia nyuma wakati wa kuondoka unategemea mambo matatu: gari linaongeza kasi kwa nguvu gani, kitovu cha uzito kiko juu kiasi gani, na magurudumu ya mbele yako mbali kiasi gani na ya nyuma. Basi. Springi hazimo. Mustang yako na wewe ndani tuseme kilo 1,500, na asilimia kama 43 iko nyuma, yaani kilo 645. Umbali wa mbele hadi nyuma ni mita 2.55, na kitovu cha uzito tukikadirie nusu mita kutoka chini. Ukiondoka kwa nguvu ya g moja, yaani sawa na mvutano wa dunia, karibu kilo 290 zinahamia nyuma, gari likikaa kama mbwa au likisimama kama jogoo.

Lakini ili ufikie g moja, tairi linatakiwa lishike mara 1.6 ya uzito lililobebeshwa. Tairi la barabarani linashika kama mara moja tu. Ukipiga hesabu kwa hilo, gari linaondoka kwa zaidi kidogo ya nusu g, na uzito unaohamia ni kilo 150 na ushei. Hiyo ndiyo 2.2 yako. Wala si siri ya chasisi, ni mpira. Ladabaa ya dhahabu haiwezi kulifanya tairi hilo lishike mara 1.6.

Kwa hiyo dawa ya kutoshika ni rimu za inchi 15 na tairi la mashindano. Kwa gari la kwenda kazini mimi ningekwenda na radial ya dragi ya 275/50 R15. Inaingia kwenye bodi yako, wakati mwingine kwa kukunja ukingo wa ndani wa fenda na kuchagua rimu yenye kina sahihi. Pima kabla ya kununua. Ile kipara kabisa, sliki, inashika vizuri zaidi na ubavu wake laini unasaidia gari la gia za mkono, ila si tairi la barabarani, na ubavu huohuo unaongeza kudunda kama mikono imelegea. Radial nazo mvua ikinyesha ni sabuni. Usibebe mtoto juu yake siku ya mvua.

Kama chasisi haiongezi uzito, mikono ina kazi gani? Kazi yake ni kuamua uzito huo unapita njia gani na kwa haraka gani. Hapa ndipo mafundi wengi wanapoanza kuongea kama waganga, na si lazima. Chukua kamba na chaki. Litazame gari kutoka ubavuni. Vuta mstari kupitia ncha mbili za mkono wa chini, uendelee mbele. Vuta mwingine kupitia ncha mbili za mkono wa juu. Mahali mistari inapokutana ndipo difu "inaposhika" gari na kulisukuma, ingawa hapo hakuna chuma chochote. Kisha vuta mstari wa tatu, kutoka tairi la nyuma linapogusa chini, kwenda kwenye nukta iliyo juu ya ekseli ya mbele kwa urefu wa kitovu cha uzito. Makutano yakiangukia juu ya mstari huo, gari linapoondoka nyuma inainuka na tairi linakandamizwa chini papo hapo. Yakiangukia chini yake, nyuma inakaa, na mzigo unapita kwanza kwenye springi, taratibu, wakati tairi limeshaanza kuzunguka.

Ulipolishusha gari sentimita 4, ulipandisha difu ukilinganisha na bodi. Ncha ya nyuma ya mkono wa chini ikapanda, na makutano yale yakateremka. Gari lako linakaa zaidi kuliko lilivyotoka kiwandani, na watu wanakusifia kwa hilo! Rudisha springi za urefu wa kiwandani nyuma, au weka braketi zinazoteremsha ncha ya nyuma ya mkono wa chini kwenye difu. Kwa gari linalobeba mtoto ningerudisha springi. Braketi zinafaa pia, ila zinaweza kuvuka mpaka: makutano yakiwa juu mno nyuma inaruka, tairi linakandamizwa kwa sehemu ndogo ya sekunde halafu linaachiwa, na ukifunga breki kwa nguvu difu inaanza kurukaruka kwa upande huo mwingine.

Mikono yenyewe ya kiwandani ni bati lililokunjwa lenye wazi upande mmoja. Badilisha ya chini kwa mikono ya bomba la mraba yenye bushi ngumu. Ya juu kuwa mwangalifu. Kwa kuwa imekaa mshazari, ndiyo pia inayozuia difu isiende kushoto na kulia, na kila unapokata kona inalazimika kujipinda ndani ya bushi zake. Ukiweka plastiki ngumu ncha zote nne za juu, difu inakwama kwenye kona, halafu nyuma inakuchomoka bila hodi. Barabara kuu ya Dallas saa kumi na mbili jioni si mahali pa kujifunzia hilo. Acha mpira mpya kwenye ncha zinazoshika difu, au tumia viungo vya duara vinavyojizungusha, uvumilie kelele.

Wakati mikono iko nje, pima pembe ya pinioni gari likiwa limesimama kwa magurudumu yake, usipime likiwa linaning'inia. Pua ya pinioni inatakiwa iangalie chini digrii moja au mbili ukilinganisha na propela, ili ikipanda kwa mzigo vitu vinyooke. Bushi zikiwa laini inahitaji zaidi kidogo.

Kuna jambo ambalo hukuuliza na utaliona ukishapata tairi: gari litavuta upande mmoja likiondoka. Zile nyutoni mita 1,340 za propela zinajaribu kuinua tairi la nyuma la kulia. Dawa rahisi ni mfuko mdogo wa hewa ndani ya springi ya kulia, unaujaza kidogo siku ya mashindano. Dawa bora ni stabilaiza (chuma cha kuzuia bodi isilale upande) nene ya nyuma ya dragi. Anza na mfuko.

Shokapu za kurekebishika zije baada ya hayo, si kabla. Za mbele zinatakiwa ziachie pua ipande upesi. Stabilaiza ya mbele wengine huitoa kabisa, wewe fungua linki zake uwanjani na uzirudishe kabla hujatoka getini.

Sasa nisimkosee haki yule jamaa. Ladabaa na chasisi mpya ya nyuma ni kazi halali. Ladabaa ni pembetatu ya mabomba kila upande, yenye umbo la ngazi, imefungwa kwenye difu kwa bolti mbili na mbele kwa kiungo kimoja. Difu haiwezi kujikunja hata ikitaka. Ni nyepesi kuielewa na inarudia kitu kilekile kila mara. Lakini upande mmoja ukipanda, mwingine unataka kupanda nao, kwa hiyo kila shimo la barabarani unalipigia hesabu mgongoni. Mfumo mwingine, wa mikono minne sambamba yenye matundu mengi ya bolti, ni bora zaidi uwanjani, na ni njia nzuri zaidi ya kupotea; nimeona mtu akibadilisha matundu msimu mzima akarudi alipoanzia. Na Mustang yako haina chasisi ya kujitegemea. Bodi ndiyo chasisi. "Kukata nyuma" maana yake ni kutoa sakafu, reli za bati na tanki, na mara nyingi siti ya nyuma inakwenda nayo. Mwanao atakaa wapi? Ningekubali kazi hiyo kwa gari linalokwenda uwanjani juu ya trela, linalohitaji tairi pana kuliko nafasi iliyopo, au ambalo kutu imeshakula reli zake. Hapa Marekani kuna madaraja ya mashindano ya Mustang yanayolazimisha saspensheni ya mtindo wa kiwandani, na magari yake yanakwenda chini ya sekunde 9. Wewe uko 14.2.

Mimi mwenyewe nilishakata, usidhani nahubiri kutoka kibarazani. Gari langu la kwanza huku nililipa gereji moja wanichomelee nyuma. Walifanya kazi likiwa juu ya lifti, magurudumu yananing'inia, milango haikufungwa nondo za kuishikilia. Lilipoteremka mlango wa kushoto haukufunga. Nilipopima kutoka ekseli ya mbele hadi ya nyuma, kulia na kushoto vilipishana milimita 9. Kila nikiondoka lilikuwa linakwenda kama kaa. Bomba lililochomelewa halirudishwi kwa spana.

Kwa hiyo huu ndio wakati wa kumtafuta mtu ana kwa ana, na si kuniuliza mimi. Kufunga torki boksi kwa vyuma vya nyongeza ni kazi ya mchomeleaji anayejua bati jembamba. Vyuma vya kuunganisha reli za mbele na za nyuma vichomelewe gari likiwa limebeba uzito wake kwenye magurudumu, la sivyo unaganda mpindo ndani ya bodi. Mabomba ya difu yako yamesukumwa ndani ya chuma cha kuyeyushwa, na yanaweza kuzunguka ndani yake. Kuyachomelea kunataka kupasha moto kwanza na vijiti vinavyofaa, usimpe kijana wa mtaani. Ukienda kwa fundi wa chasisi, muulize atalisawazisha vipi gari na atapima kutoka wapi. Akijibu "kwa macho", chukua funguo zako.

Kuhusu kanuni, ukifunga tairi jipya na kuponya kudunda, mita 18 zako zinaweza kushuka kuelekea 1.8, na kila sehemu ya kumi ya sekunde unayookoa pale hurudi kama moja na nusu mwisho wa robo maili. Utakuwa kwenye 13.6 hivi. Kanuni za NHRA, chama cha mbio za dragi cha Marekani, zinataka kitanzi cha chuma kuzunguka propela kwa gari lenye sliki linalokwenda sekunde 13.99 au chini. Mimi ningekiweka hata kwa radial: propela ikikatika mbele inachimba chini na kuinua gari. Ekseli zako zinashikiliwa na klipu ndogo ndani ya difu. Ekseli ikikatika, gurudumu linatoka nayo. Kuanzia sekunde 10.99 kushuka kanuni zinadai ekseli madhubuti na kishikio cha nje, lakini ukianza kuachia klachi kwa fujo juu ya sliki usingoje hiyo namba. Bomba la usalama la ndani ya kabini, la kulinda gari likipinduka, linaanza sekunde 11.49. Usiliweke sasa kwa ajili ya sura: kichwa bila helmeti kikigonga chuma kile barabarani, ajali ndogo inakuwa kubwa, na kichwa cha mtoto aliye nyuma kiko karibu nalo zaidi. Na ujue boksi lako la gia ndilo litakalofuata kulalamika.

Fanya hivi, kimoja kimoja: torki boksi, bushi na mikono ya chini, springi, kisha tairi. Uende Ennis baada ya kila hatua kama mfuko unaruhusu, na ukisikia kudunda toa mguu papo hapo, using'ang'anie. Mwombe mwenzako aliyesimama nyuma ya ukuta akuchukulie video ya tairi la nyuma kwa mwendo wa polepole, simu ikiwa usawa wa goti. Weka alama ya chaki nyeupe kwenye rimu na nyingine kwenye ubavu wa tairi. Chaki zikiachana, rimu inazunguka ndani ya tairi, ongeza upepo kidogo. Zikibaki pamoja na pengo kati ya tairi na fenda likapanuka halafu likafunga ghafla, kaza shokapu za nyuma zisifunguke haraka. Pengo likifunga tangu mwanzo, springi zako bado fupi. Nitumie hiyo video na vipimo vya kamba yako, halafu tuongee kuhusu shokapu.